Butike ikue, lakini usingizi usipotee

Wandugu wafanyakazi wa mugodi, na ninyi wamama ambao mara mingi munasoma gazeti hili mbele bwana hajarudia ku kazi, leo siandike juu ya kontra wala juu ya prime. Ninataka tuzungumze juu ya butike. Mu Kolwezi, mu Likasi, mu Fungurume na mu Lubumbashi, nyumba mingi za wafanyakazi ziko na kitu cha kuuzisha mbele ya mulango: unga, makala, mafuta, mikate, samaki, vocha za simu. Ni jambo zuri. Lakini kuna ugonjwa unaoingia polepole. Butike inanenepa, na wenye butike wanakonda. Mama analala saa ine tu, bwana anapanda ku gari la kazi na macho mekundu, na simu ikilia usiku wote wawili wanashituka, juu hawajui kama ni muteja ao mwenye deni.

Mawazo yangu ni haya: butike ndogo inaweza kukua bila kutuletea stresi, kama inakua kwa mwendo wa faida yake yenyewe. Kama inakua kwa mwendo wa tamaa yetu, ao kwa feza ya kukopa, itatula. Na kwetu sisi watu wa mugodi jambo hili si la feza tu. Ni la uzima.

Tukumbuke tulikotoka. Wazee wetu wa Union Minière, na kiisha wa Gécamines, walipata unga ku kampuni, hospitali ku kampuni, masomo ya watoto ku kampuni. Wakati ule biashara ya mama ilikuwa ya kununulia kitambaa. Lakini miaka ya 1990 mushahara ulianza kuchelewa, miezi na miezi, na ni wamama walioshika nyumba: wakauza bukari kando ya njia, wakauza mboga, wakauza mpaka vyombo vya ndani. Kiisha, mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa mupango ule ulioitwa « départs volontaires ». Kila mumoja alishika feza yake mara moja. Wengi walijaribu biashara: kamyo, minibusi, butike kubwa, mashini ya kusaga. Wengi hawakufika mbali. Wale wazee hawakukosa akili. Walianza na kitu kikubwa siku ya kwanza, mbele ya kujifunza kazi ya kuuzisha, na feza ya kula ya nyumba ilikuwa mu mufuko uleule wa biashara. Gari lilipoharibika, chakula nacho kiliisha.

Somo lile tulilipa bei kali. Isiwe bure.

Hesabu ya Banki Lambert

Wote munajua mutu tunayemuita Banki Lambert. Hana ofisi, hana kibao, lakini mwisho wa mwezi yeye njo wa kwanza kufika mbele ya mashini ya kutoshea feza. Mu mufuko wake kuna karti za banki za wafanyakazi, na namba zao za siri. Mutu anamukopa 100, anarudisha 150 mwisho wa mwezi. Watu wengi wanafikiri wanamukopa juu ya ugonjwa ao kilio tu. Hapana. Ninawaona wengine wanakopa juu ya « kukuza butike ».

Tufanye hesabu pamoja, polepole. Tuseme mama iko na butike yenye vitu vya dola 300. Kila wiki anauzisha vya dola 150, na faida yake ni dola 15. Kwa mwezi wa wiki ine, ameuzisha vya dola 600, amepata faida ya dola 60. Ni butike ndogo lakini inapumua.

Bwana anaona jirani ameongeza chumba cha pili. Moyo unamuuma. Anaenda kwa Lambert, anakopa dola 500, na atarudisha 750. Sasa, ile dola 250 ya juu itatoka wapi? Kama faida ni dola 10 ku kila dola 100 za kuuzisha, butike inapashwa kuuzisha vya dola 2.500 ku mwezi ule mumoja, juu ya kulipa ile faida ya Lambert peke yake. Inatoka ku 600, inaruka ku 2.500. Ni zaidi ya mara ine. Ninauliza: majirani wataanza kula bukari mara ine kwa siku juu wewe umekopa? Watu wa mtaa ni walewale. Matumbo ni yaleyale. Kwa hiyo deni litalipwa na mushahara, mushahara ukiisha Lambert atakopesha tena, na mwezi wa tatu ile butike ni yake, wewe unailinda tu.

Njia ingine ni hii. Faida ya dola 60 igawanywe mara tatu: 30 iingie mu nyumba, 20 iongeze vitu vya butike, 10 ikae pembeni juu ya siku mbaya. Mtu atacheka: « Dola makumi mbili, njo nini? » Ni hivi: mara 12, ni dola 240. Butike ya 300 imekuwa ya 540 mwisho wa mwaka, na pembeni kuna dola 120, na hakuna mutu hata mumoja anayekuja kugonga mulango. Jirani wa vyumba viwili anaweza kukushinda ku macho ya watu, lakini wewe njo unalala.

Sisemi kila deni ni baya. Kikundi cha likelemba cha watu wanaojuana, wenye kanuni wazi, kinasaidia sana, kwa sababu feza inayozunguka ni ya wenyewe na haizai feza ingine. Lakini hata likelemba, usiingie mu tatu kwa mara moja. Zamu ya kupokea ni furaha. Zamu ya kutoa inakuja kila wiki.

Kaye ya deni

Kuna deni la pili, lile la wateja. Hapa ninajua wamama wananisikiliza. « Yaya, unipatie meka moja ya unga, bwana akilipwa nitaleta. » Utakataa namna gani? Watoto wake wanacheza na wako. Kesho wewe njo utakuwa na shida. Mwenye kusema « usikopeshe hata mutu » hajaishi mu kambi.

Mimi ninasema: kopesha, lakini weka mupaka mbele, na mupaka uandikwe. Mupaka mwepesi ni huu: deni zote za wateja kwa pamoja zisipite faida ya mwezi mumoja. Kama faida yako ni dola 60, ukifika 60 mu kaye, kaye inafungwa mpaka mumoja alipe. Juu ya nini 60? Kwa sababu hata wote wakikosa kulipa, umepoteza jasho la mwezi mumoja, lakini vitu vyako vya 300 viko. Unaweza kuamka. Lakini kama umekopesha vya 200, umewapatia watu butike yenyewe.

Na tena, mupaka unatosha haya. Mama hatamwambia jirani « sikuamini ». Atamuonyesha kaye: « Yaya, kaye imejaa, mutu akilipa nitakuita. » Kaye inakataa, hapana yeye. Urafiki unabaki.

Ukienda kuandikisha kazi yako kama « entreprenant » kwa sheria ya OHADA, ambayo Kongo yetu iliingia mu 2012, utaona sheria yenyewe inakuomba kushika kitabu: siku kwa siku, feza iliyoingia imetoka wapi, feza iliyotoka imeenda wapi. Si mambo ya wasomi. Kaye ya watoto ya masomo inatosha: ukurasa wa kushoto unaandika inayoingia, wa kuume inayotoka. Hata kile ulichotosha juu ya bukari ya nyumba, ukiandike kama umenunua. Stresi mingi ya biashara inatoka ku kutojua. Mutu anayejua kama amepoteza dola 8 anahuzunika mara moja, anatengeneza. Asiyejua anahangaika mwezi muzima.

Muchovu anashuka na wewe mu mugodi

Sasa ninaongea kama mutu wa sendika. Sheria ya kazi ya 2002 iliweka saa 45 kwa wiki. Munajua vile tunapigana juu ya saa zile, munajua vile mashifti ya saa 12 inavunja mugongo. Lakini ni kazi gani kupigania mapumuziko ku mukutano na wakubwa, kama tukifika mu nyumba tunayauzisha sisi wenyewe ku butike?

Mufanyakazi anayetoka shifti ya usiku saa kumi na mbili za asubui, anaenda moja kwa moja ku depo kubeba mifuko, anakaa ku butike mpaka saa nane, analala saa mbili ao tatu, kiisha anarudi kuendesha beni ya tani makumi. Beni haijui kama ulikuwa na wateja. Ukuta wa mugodi haujui. Ukisinzia dakika moja ku muteremuko, hapo hakuna kaye itakayorudisha kitu. Na mara mingi anayelipa si yule aliyesinzia. Ni mwenzake aliyekuwa chini. Kila mwaka tunazika wenzetu, na si kila mara kosa ni la mashini.

Kwa hiyo ninasema wazi: mutu wa shifti asiwe mulinzi wa butike. Asaidie siku yake ya mapumuziko, ndiyo. Afanye hesabu pamoja na bibi yake, ndiyo. Lakini saa za kulala ni sehemu ya kazi, kama vile kofia na viatu. Kama butike haiwezi kukaa wazi bila yeye, basi ifungwe saa zile. Butike inayofungwa saa mbili za usiku kila siku, wateja wanazoea, wanakuja mbele. Ile inayofunguliwa usiku muzima juu ya kuuzisha sigara mbili na mushumaa, ihesabu vizuri: imepata franka ngapi, na imekula usingizi wa nani?

Na mama naye ni mutu. Yeye anaamka saa kumi, anawasha moto, anatuma watoto ku masomo, anaenda ku soko, anarudi kuuzisha, na usiku tunamuuliza juu ya nini mboga ni baridi. Kukuza butike kwa kuongeza saa za mama ni kukopa vilevile. Mwenye kukopesha ni mwili wake, na mwili nao unakuja kuomba: tansio, mugongo, kichwa kisichopoa.

Kuna namna ya kuongeza faida bila kuongeza saa. Wamama wane wa njia moja wanunue pamoja ku depo. Feza ya gari inagawanywa mara ine, na bei ya mifuko mingi si bei ya mufuko mumoja. Wiki hii anaenda huyu, wiki ijayo yule; ku safari ine, wewe unaenda moja, tatu unapumuzika. Namna ya pili ni kupunguza. Ushike kaye, uangalie ni vitu gani vinakaa wiki tatu bila kutoka. Viuze kwa bei ya kuvinunua, usivirudishe tena. Butike ya vitu kumi vinavyotembea inalisha kuliko ya vitu makumi ine vinavyolala na mavumbi. Na usinunue frigo kubwa juu ya samaki kama umeme unakatika kila siku. Hapo utakopa tena juu ya grupe, na grupe itakunywa faida.

Mayai yote mu mugodi mumoja

Kuna hatari ingine ambayo butike za mijini kwingine hazina. Mushahara wa bwana unatoka mu mugodi. Wateja wanalipwa na mugodi uleule. Kwa hiyo siku mugodi unasimama, mushahara, wateja na kaye ya deni vinasimama siku moja.

Si mambo ya kuwaza tu. Mwisho wa 2008 bei ya shaba ilianguka ku soko la dunia na Katanga nzima iliona kampuni zikifunga na watu wakirudishwa nyumbani. Mwisho wa 2019 mugodi mukubwa wa Mutanda ulisimamisha kazi juu bei ya kobalti ilikuwa chini. Mu Februari 2025 ni Serikali yenyewe iliyosimamisha kutoa kobalti inje ya inchi, juu ya kuinua bei. Hata mupaka unaweza kutushitua: mu Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa muda mufupi, na kila mutu anajua unga wetu mwingi unatoka upande gani.

Njo maana ile dola 10 ya kila mwezi isiguswe, na isikae mu vitu vya butike. Ikae feza. Na tena, mama atafute wateja ambao hawategemei mugodi wenu: walimu, wauguzi, mafundi, wapita njia. Hata kama ni wachache, siku ya mabaya wao njo watakuwa wakilipa.

Feza ni ya nani?

Nyumba mingi zinavunjika hapa. Bwana anasema: « Kapitali ilitoka ku mushahara wangu. » Bibi anasema: « Jasho ni langu. » Wote wako na haki, na kwa hiyo wote wanatosha feza mu sanduku bila kuambiana. Siku ya hesabu ni makelele.

Tujue sheria. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyogeuza Code de la famille, bibi mwenye ndoa haombi tena ruhusa ya bwana yake juu ya kufanya biashara. Sheria inaomba wote wawili wasikilizane juu ya mambo yanayowafunga. Basi bwana anayeweka karti ya banki kwa Lambert kwa siri, na bibi anayeingia likelemba ya pili kwa siri, wote wanacheza na nyumba isiyo ya mutu mumoja.

Muweke masanduku mawili, ao namba mbili za feza ya simu: moja ya nyumba, moja ya butike. Na mama anayeuzisha apate kitu chake kila mwezi, hata kidogo, mu ile 30 ya nyumba, bila kuomba. Mutu anayefanya kazi bila kugusa feza yake anachoka mara mbili.

Kuna mwenye kuniuliza: « Delege, mushahara haufike mwisho wa mwezi, na wewe unatuambia tuende polepole? » Ndiyo, na ninajua mushahara haufike. Lakini njo hapo tusidanganywe. Siku hizi kuna wakubwa wa kazi wanaopenda kutuimbia wimbo wa « kuweni wajasiriamali », hasa wakati wanapotupeleka mu kampuni za sutretansi na kukata prime. Butike ya bibi yangu si nyongeza ya mushahara ambayo kampuni imekosa kunilipa. Tukiacha butike izibe shimo la mushahara, wao wataongeza shimo. Mushahara tuupiganie ku meza ya mazungumzo, butike tuichunge mu nyumba, na moja isifiche ubaya wa ingine.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa wenzangu madelege: ku mukutano wa kwanza unaokuja, tuombe tarehe ya mushahara ijulikane na isigeuke, kwa sababu siku tano za kuchelewa njo mulango ambamo Lambert anaingilia. Tuombe tena kampuni iweke mukopo mudogo wa haraka juu ya ugonjwa na kilio, unaokatwa polepole na bila faida.

Kwa ninyi wenye nyumba: mwisho wa mwezi huu, kama karti yako ya banki iko mu mikono ya mutu, uifuate. Ulipe kipande, muandikiane kinachobaki, lakini karti irudi mu mufuko wako, na ubadilishe namba ya siri siku ileile. Kiisha ukae chini na bibi, mufungue kaye ukurasa wa kwanza, muandike vitu viko vya feza ngapi. Muanze na hapo mulipo, hata kama ni dola 40.